Unapoingia kwenye kerneli, soma kwanza hesabu ya baiti

Ndugu unayeanza kazi ya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), readv na writev, miito ya kusoma na kuandika bafa nyingi kwa mara moja, zitakudanganya kwa urahisi wake. Unapanga orodha ya bafa, yaani maeneo ya kumbukumbu ya kuhifadhi data; kila moja huelezwa na iovec yenye anwani yake (iov_base) na urefu wake (iov_len), na orodha unaikabidhi kerneli kwa mwito mmoja. writev hukusanya yaliyomo kwa mpangilio huohuo na kuyatoa. Readv huijaza bafa ya kwanza hadi pomoni ndipo ihamie ya pili. Utaratibu huu upo tangu 4.2BSD ya mwaka 1983, na maelezo yake yanasomeka kwa jioni moja. Shida yote imelala kwenye namba inayorudishwa.

Namba hiyo ni jumla ya baiti. Haikuambii bafa ngapi zimekwisha. Fanya jaribio hili leoleo: fungua bomba (njia ya kupitisha data kati ya programu) kwa pipe2 ukiweka O_NONBLOCK ili mwito usisubiri nafasi, kisha liandikie kwa writev bafa tatu za baiti 30,000, 30,000 na 40,000, pasipo mtu wa kusoma upande wa pili. Kwenye Linux ya kawaida, yenye kurasa za baiti 4,096, bomba hubeba kurasa 16, kwa hiyo utarudishiwa 65,536. Bafa mbili zimekwisha, ya tatu imeliwa baiti 5,536. Sasa ni juu yako kuziruka zile mbili, kusogeza iov_base ya tatu kwa 5,536, kupunguza iov_len yake kwa kiasi hichohicho, na kuita tena. Nimeona programu nyingi zinazoangalia tu kama jibu ni hasi. Kwenye kompyuta ya aliyeziandika soketi hupokea kila kitu kwa mkupuo, kwa hiyo hazimsumbui; zitamsumbua siku atakapopata mteja mwenye mtandao mzito. (Linux haipokei zaidi ya bafa 1,024 kwa mwito mmoja, na POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, inakuhakikishia 16 tu. Ukizidi kikomo cha mfumo wako unapata kosa la EINVAL.)

Usidhani wenye kerneli wenyewe wamesalimika. Tafuta CVE-2015-1805, namba ya udhaifu wa usalama uliotangazwa hadharani, uisome taratibu, maana inafundisha kuliko sura nzima ya kitabu. Msimbo wa mabomba katika fs/pipe.c ulijaribu kwanza kunakili kwa njia ya haraka isiyoruhusiwa kulala, yaani kusimama na kusubiri. Njia hiyo ikikwama katikati, kazi ilirudiwa kwa njia ya polepole. Lakini wakati wa kukwama, orodha ya iovec ilikuwa imeshasogezwa mbele, huku idadi ya baiti zilizobaki ikiwa bado ile ya mwanzo. Marudio yakaendelea kunakili mpaka nje ya mwisho wa orodha, kwenye kumbukumbu isiyohusika kabisa. Toleo la 3.16 la Linux, la mwaka 2014, liliponya tatizo hilo, ila simu nyingi zilibaki na kerneli za zamani, na Machi 2016 Google ililazimika kutoa tahadhari kwa watumiaji wa Android kwa sababu ya programu iliyotumia upenyo huo kuteka simu.

Dawa ilikuwa iov_iter: kitu kimoja kinachobeba orodha, mahali ulipofika na kilichobaki, vyote pamoja. Ukiandika draiva (msimbo wa kerneli unaoendesha kifaa), tumia copy_from_iter na copy_to_iter, na acha kabisa kuzunguka kwenye iovec kwa mkono wako. Kwa maoni yangu hapa hakuna cha kujadili. Anza na include/linux/uio.h, lib/iov_iter.c ni ya kutisha, inaweza kusubiri.

Chini zaidi, kwenye vifaa, hesabu hubadilika sura. Bafa unayoiona imenyooka imetawanyika kwenye kurasa za kumbukumbu zisizopakana, ndiyo maana kuna scatterlist, orodha ya vipande hivyo. dma_map_sg, inayoviandaa vipande ili kifaa kivifikie chenyewe kwenye kumbukumbu (DMA), unaipa idadi ya vipande, nayo inaweza kukurudishia idadi ndogo zaidi, kwa kuwa IOMMU, kifaa kinachotafsiri anwani za kumbukumbu kwa ajili ya vifaa vingine, huunganisha vipande vinavyoweza kuonekana na kifaa kama kimoja. Kifaa kipangie kwa idadi iliyorudi, ukichukua sg_dma_address na sg_dma_len. Lakini dma_unmap_sg, inayoondoa maandalizi hayo, ipe idadi ya mwanzo. Mashine isiyo na IOMMU mara nyingi hurudisha idadi zile zile, kwa hiyo draiva iliyozichanganya hupita majaribio yote na kuharibika kwa mtu mwingine kabisa. Angalia pia sifuri: hapa ndiyo ishara ya kushindwa, wala si namba hasi kama ulivyozoea.

sg_table, muundo unaobeba scatterlist, hutunza idadi zote mbili, orig_nents (ya mwanzo) na nents (iliyorudi), na dma_map_sgtable huzishughulikia yenyewe; tena hiyo hurudisha hasi ikishindwa. Kwa msimbo mpya tumia hiyo. Ile ya zamani utaendelea kuikuta kwenye draiva za watu, na unapoipitia, tafuta kwanza ni namba gani imepewa dma_unmap_sg.