Mashine ya Kura Ihojiwe Kabla ya Siku ya Kura

Kila uchaguzi ukikaribia, vijiwe vya Kirumba na Mabatini hapa Mwanza huwaka moto: kwa nini na sisi tusiletewe mashine za kupigia kura, matokeo yatoke usiku uleule? Kura zetu bado ni za karatasi. Teknolojia tuliyoizoea ni ya BVR, mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha, iliyoandikisha wapiga kura kuelekea uchaguzi wa 2015. Sipingi mashine. Ninachowaomba wadogo zangu, hasa mnaosomea sheria na mnaokaa vituoni kama mawakala wa vyama, mjue mapema pa kuibana siku ikija.

Nimekaa kituoni kama wakala, darasani kwenye shule ya msingi ya huku Nyamagana. Kura zikishamwagwa mezani, msimamizi hukunjua moja, huinua ionekane kila upande, hutaja jina, karani huandika. Ghafla wakala mmoja akasema, "Hebu irudishe hiyo." Ikarudishwa. Alama ya vema ilikuwa imegusa mstari kati ya visanduku viwili. Tukainama sote juu ya meza, tukabishana, msimamizi akaamua. Kila aliyekuwemo mle, awe mwalimu au mvuvi, angeweza kueleza kura ile imehesabiwa kwa nani na kwa sababu gani. Mwisho tukasaini fomu ya matokeo.

Kwa mashine, hakuna wa kusema "irudishe hiyo". Badala yake tunaonyeshwa cheti: wataalamu wameipima, inafaa. Ni kama mizani za samaki pale mwaloni Kirumba. Stika ya vipimo ipo, lakini mnunuzi wa sangara anayejua kazi yake huomba jiwe la kilo liwekwe kwanza, auone mshale unasimama wapi. Stika haimzuii kuuliza.

Ujerumani, mashine za kura za kampuni ya Nedap zilipimwa na taasisi ya taifa ya vipimo. Wapiga kura wawili, baba na mwana, hawakuridhika. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ilikubaliana nao: mwananchi lazima aweze kuhakiki hatua muhimu za uchaguzi bila utaalamu wa kompyuta, na upimaji wa serikali hauchukui nafasi ya jicho lake. Lakini matokeo ya uchaguzi wa 2005 uliotumia mashine hizo hayakuguswa, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi kwamba zilikosea hesabu.

Namibia ni karibu zaidi na sisi. Walianza kutumia mashine mwaka 2014. Sheria yao ilitaka kila kura iache alama ya karatasi inayoweza kuhakikiwa, ila waziri alipoianzisha sheria ile aliviacha nje vifungu hivyo. Panduleni Itula, mgombea binafsi wa urais mwaka 2019, akaenda mahakamani. Februari 2020 Mahakama ya Juu ikasema uamuzi wa waziri ulikwenda kinyume cha katiba. Urais wa 2019 ulibaki palepale.

Mnaona mtiririko? Walishinda hoja, matokeo hayakubadilika. Na Pennsylvania, Marekani, hata hoja yenyewe ilishindwa. Wapiga kura walifungua shauri mwaka 2006 wakipinga kuidhinishwa kwa mashine zisizotoa karatasi kura inapopigwa; hukumu ya mwisho ikatoka 2015, na mashine zikabaki halali. Sheria ilitaka "kumbukumbu ya kudumu" ya kila kura, na mahakama ikaona kumbukumbu inayoweza kuchapishwa baadaye kutoka ndani ya mashine inatosha. Miaka yote hiyo iliamuliwa na namna kifungu kilivyoandikwa.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iliyopo Arusha ilishasema mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka haki, lakini nawashauri msijenge mkakati juu ya matumaini hayo. Mashine ikija, shauri la kupinga idhini yake lifunguliwe kabla ya siku ya kura. Kwa kura ya urais, baada ya hapo mlango umefungwa.

Na maandalizi yaanze kabla hata ya zabuni. Muswada ukiletwa, someni neno kwa neno mahali panapotaja karatasi: inatoka wakati mpiga kura yupo, akaiona kwa macho yake, au inachapishwa baadaye? Ikitokea mgongano, karatasi ndiyo inayohesabiwa au mashine? Nani anapima, na amelipwa na nani? Programu ikibadilishwa baada ya kupimwa, cheti cha zamani kinaendelea? Hili la mwisho ndilo ningelipigania kwa nguvu zote, maana mashine iliyopimwa mwezi wa tatu ikabadilishiwa programu mwezi wa tisa haijapimwa.

Nimesaidia kupanga vielelezo vya shauri la uchaguzi. Wakili hakuuliza watu walisema nini mtaani. Aliuliza, "Fomu yenye saini iko wapi?" Ya "nimesikia" aliyaweka pembeni yote. Kwenye hati ya kiapo andika ulichokiona wewe, saa ngapi, ukiwa umesimama wapi.

Gharama zisiwatishe mapema. Julius Ndyanabo, aliyegombea ubunge Nkenge kule Bukoba mwaka 2000, alipinga sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 ndipo kesi ya uchaguzi isikilizwe, na mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ikasema sharti lile lilikiuka katiba.

Kwa hiyo anzeni na barua ya kuomba ripoti ya upimaji. Iwe na nakala mbili, na msiondoke kaunta kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Wakikaa kimya, nakala hiyo inakuwa kielelezo chenu cha kwanza.