Maswali ya Wasomaji: Mama Mtu Mzima Ananiamkia Shikamoo

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika kata moja ya Dar es Salaam, nina umri wa miaka 27 na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Kuna mama mjane, mwenye umri wa kunizaa, ambaye hufua nguo katika nyumba za watu ili alee wajukuu watatu. Jirani yake alimleta kwangu kwa sababu halali usiku, moyo unamwenda mbio na anasema ana mawazo mengi. Kila ninalomshauri hulikubali kwa kusema "sawa, bosi", kisha halitekelezi, na katika miadi sita amefika mara mbili tu. Akifika hukaa ukingoni mwa kiti, karibu na mlango, na huwahi kuniamkia shikamoo, nami huitikia. Nilimwelekeza aende zahanati, akarudi akilia kwamba aliachwa kwenye benchi tangu asubuhi huku waliovaa vizuri wakipitishwa mbele yake. Nilimfundisha kuvuta pumzi taratibu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaomba ruhusa ya kuondoka kwa kuwa kulikuwa na nguo zinazomsubiri. Sina fedha za kumpa. Je, unasaha wangu, yaani ushauri ninaompa, una maana gani kwa mtu ambaye tatizo lake ni umaskini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nimesimama kwenye ile shikamoo. Kwa desturi yetu salamu hiyo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na mtu mzima anapomwamkia kijana kwa sababu tu kijana ana ofisi na meza, anakuonyesha alichofundishwa kwa miaka mingi katika majiko na mageti ya watu, kwamba umaskini umemvua hata umri wake. Kabla ya mbinu yoyote uliyosomea chuoni, mrudishie umri huo. Akija tena, inuka, mfuate mlangoni na uwahi wewe kumwambia, "Shikamoo Mama." Huenda akashtuka, huenda hata akakataa kuitikia mara ya kwanza, usichoke. Kiti chake kiweke upande mmoja na chako, meza isiwe kati yenu.

Hiyo "sawa, bosi" usiihesabu kuwa ni kukubali. Anayefanya kazi katika nyumba za watu hujifunza mapema kwamba kusema hapana kunaweza kumkosesha chakula cha siku, kwa hiyo huitumia "sawa" kama ngao, na wewe ukiendelea kushauri utakuwa unazungumza na ngao hiyo. Mwulize, "Mama, katika haya niliyoyasema, lipi haliwezekani kwako?" Swali la namna hiyo linampa ruhusa ya kukukatalia, na pengine hajawahi kupewa ruhusa hiyo na mtu yeyote mwenye ofisi.

Kuhusu miadi aliyoikosa, piga hesabu pamoja naye ya nauli ya kwenda na kurudi na malipo ya siku ya kufua anayoyapoteza kwa kuja kwako. Ukiishaijua hesabu hiyo utaona kwamba mara zile mbili alizokuja zilikuwa sadaka kubwa. Mwulize ni siku ipi hana nguo za kufua, na ni mahali gani karibu na kwake anapoweza kuzungumza bila majirani kumwona.

Naomba pia usimdhanie uzembe anaposahau. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India, ambao walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekwisha, na kupimwa tena baada ya mavuno. Watu wale wale walifanya vibaya zaidi walipokuwa na ukata. Kichwa kinachohesabu unga, kodi na madaftari kwa wakati mmoja hakibaki na nafasi kubwa ya kukumbuka miadi ya Alhamisi.

Sasa swali lako lenyewe. Unasaha una maana kubwa kwa maskini, mradi usitenganishwe na shida inayomkabili. Mwaka 2006, katika eneo la Mbare jijini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaa ule kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Wagonjwa wengi walikuja na kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na hayo ni malalamiko yale yale ya mama yako huyu. Bibi humwacha mtu amwage shida zake zote, wakachagua moja, wakaitafutia hatua moja inayowezekana wiki hiyo. Jaribio lililofanyika katika zahanati za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na utaratibu huo umekwisha kufika Zanzibar. Mabibi wale hawakuwa na fedha za kugawa, kama wewe.

Kwa hiyo safari ijayo ya zahanati, msindikize. Shughulikieni pamoja barua ya msamaha wa matibabu, yaani ya kutibiwa bila kulipa. Mwulize kwa upole kama ana mkopo wa kausha damu, yaani ule wa mtaani wenye riba kubwa, maana deni la namna hiyo hufichwa hata kwa ndugu, na huenda ndilo linalomkesha. Likiwepo, mpeleke kwa msaidizi wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamlinda asiye na uwezo wa kulipa wakili. Kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, usishangae akisita. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa mtaa, na wapo wanaoona afadhali njaa kuliko jina lao kusomwa mbele ya watu.

Kuhusu ubaguzi wa zahanati, usimwambie avumilie, na nakusihi usiusifu uvumilivu wake, kwani sifa hiyo humfunga mdomo. Mwambie waziwazi kwamba alitendewa vibaya, na kwamba ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza kumbagua mtu kwa hali yake ya maisha. Lakini uamuzi wa kulalamika uwe wake, kwa sababu kesho yeye ndiye atakayerudi pale na mjukuu mwenye homa. Na siku yoyote akisema amechoka kuishi, mwulize moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru, na usimwache peke yake hadi afike hospitali.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa usiku mjini Morogoro. Kwenye harusi ya shemeji yangu nilichanga shilingi 20,000, lakini kima cha chini kilikuwa 50,000, nikanyimwa kadi ya kuingia ukumbini huku mke wangu akiwa ndani. Mshauri mmoja aliniambia tatizo langu ni kutojiamini. Je, ni kweli?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Si kweli. Ulifungiwa mlango na watu waliokupima kwa mchango wako, na uchungu ulioupata ni wa haki. Kukwambia ujiamini ni kukutwika wewe kosa la waliokufungia, na mshauri huyo unaweza kumweleza hivyo, kwa heshima, ukipenda kurudi kwake. Lililo karibu zaidi ni mkeo. Yawezekana naye alikaa mle ndani kwa aibu asiyojua jinsi ya kuisema. Siku usiyo na lindo zungumzeni wawili tu kuhusu usiku ule, kisha mkubaliane kiasi ambacho nyumba yenu inaweza kuchanga na shughuli ambazo hamtahudhuria, kabla kadi nyingine ya mchango haijafika.