Amoksisilini ya unga: povu na mstari wa chupa

Dada wa Goma, unauliza kwa nini ukitia maji ml 100 kwenye chupa ya ml 100 ya amoksisilini, dawa ya kuua bakteria, dawa inapita mstari. Unga wenyewe unachukua nafasi! Ikifika ml 110, ile nguvu ya dawa ya mg 250 kwa kila ml 5 imeshuka hadi mg 227 hivi, na mtoto anapata pungufu.

Gonga chupa kwanza unga uachane. Tia maji yaliyochemka yakapoa kabisa, chini kidogo ya mstari, tikisa sana, ngoja povu litulie, ndipo ujaze hadi mstari. Povu ndilo linalodanganya wengi.

Andika tarehe ya kuchanganya. Siku za kutumia, na kama inahitaji frigo, fuata lebo. Mama atikise kila mara kabla ya kumpa mtoto.