Bastola mkononi, polisi mlangoni

SWALI: Habari za kazi kaka, mi msomaji wako wa siku nyingi. Nina bastola ya leseni, naibeba kiunoni huu mwaka wa nne sasa na namshukuru Mungu sijawahi kuitoa kwa ubaya. Juzi nimeangalia video ya mtu aliyeingia sehemu yenye watu wengi akaanza kumimina risasi, tangu hapo usingizi sipati vizuri, najiuliza ningekuwa pale na mke wangu ningefanya nini. Washkaji wananiambia ukiwa na chuma kiunoni lazima umfuate, kukimbia ni uoga. Wewe unasemaje?
Baba wa wawili

JIBU: Ndugu yangu, hao washkaji wako wanakupoteza na nakuomba usiwasikilize kwenye hili. Leseni haijakufanya askari. Risasi zikilia kazi yako ya kwanza ni mke wako, mshike, tafuteni mlango mtoke, na kama mlango hamuufikii jifungieni chumbani, zimeni taa, simu ziwe kimya, afu wewe ukae nyuma ya kitu kizito macho kwenye mlango. Hapo sasa bastola ina maana kubwa sana, maana ni yeye anakuja kwako, wewe umetulia na unaona anayeingia, sio wewe unapita kona moja baada ya nyingine unamtafuta mtu ambaye hujui yuko wapi, ana bunduki gani, wala kama yuko peke yake. Na ujue kujificha na kujikinga ni vitu viwili, meza ya mbao au kaunta itakuficha asikuone lakini risasi ya bunduki kubwa inaitoboa tu, bora nguzo ya zege, au kama uko nje, upande wa gari wenye injini.

Kuna wakati lakini utajikuta uko karibu naye, unamuona, na watu wanakufa mbele yako. Sikatai, hapo kuna waliookoa maisha ya wengi. Tarehe 17 Julai 2022 huko Greenwood, Indiana, Marekani, mtu alianza kufyatua risasi kwenye eneo la kulia chakula ndani ya jengo la maduka akaua watu 3, na kijana wa miaka 22 aliyekuwa pale na mpenzi wake akaegemea nguzo, akafyatua risasi 10 kutoka mita kama 36 hivi, 8 zikampata, na yote hayo ndani ya sekunde 15. Watu wanaishia hapo kwenye shabaha. Mi naangalia vingine, kwamba alipata kitu cha kuegemea, alikuwa anawaashiria watu wapite nyuma yake watoke, na baada ya hapo aliwafuata walinzi wa jengo mikono juu.

Sasa linganisha na Tucson, Arizona, tarehe 8 Januari 2011, siku aliyopigwa risasi mbunge Gabrielle Giffords na watu 6 wakafariki. Kijana mmoja aliyekuwa duka la jirani alisikia milio akakimbilia huko, bastola ipo mwilini tayari kabisa kutolewa, akafika akakuta mwanaume kashika bunduki. Angefyatua angemuua mtu asiye na hatia, kwa sababu yule mwanaume alikuwa mmoja wa raia waliomdhibiti muuaji, bunduki alikuwa ameichukua kwake. Kilichomuokoa ni kwamba yule kijana hakuitoa bastola yake, alimshika mkono na kumsukuma. Kwa hiyo ukifika sehemu umechelewa na hukuona mwanzo wake, mtu kushika bunduki peke yake hakukwambii chochote. Anaweza kuwa askari kanzu, anaweza kuwa raia kama wewe. Angalia anafanya nini nayo, na angalia nyuma yake kuna nani, maana risasi ikimkosa haisimami hewani.

Nimekaa sana hapo ila moyo wangu uko kwenye dakika inayofuata, ukishafyatua na yeye kashaanguka. Hiyo ndo imewaua wema. Tarehe 21 Juni 2021, mjini Arvada, Colorado, mtu alimuua askari polisi, na raia mmoja, Johnny Hurley, akatoka na bastola yake akampiga yule muuaji. Akawa ameokoa watu. Afu akaiokota bunduki ya muuaji, na polisi mwingine aliyetokea akaona mtu asiye na sare kashika bunduki kubwa karibu na maiti, akampiga risasi akafa. Miaka miwili na nusu nyuma yake, Novemba 2018 huko Hoover, Alabama, kijana wa miaka 21 alikuwa anakimbia na bastola mkononi baada ya watu kupigwa risasi kwenye jengo la maduka, polisi wakamuua ndani ya sekunde chache, na mwanzoni wakatangaza kwamba yeye ndo alikuwa mshambuliaji. Hakuwa yeye. Hata wenye mafunzo na sare yanawakuta, Westgate, Nairobi, Septemba 2013, wanajeshi na polisi walifyatuliana wenyewe kwa wenyewe na kamanda wa polisi akapoteza maisha.

Nafundisha kulenga shabaha na kuna zoezi huwa nalifanya kwa bastola za plastiki. Mwanafunzi "anampiga" mshambuliaji, afu mimi naingia nyuma yake napaza sauti "polisi!" Karibu kila mmoja mara ya kwanza anafanya kitu kile kile, anageuka mwili mzima kunitazama, na bastola inageuka naye. Ananielekezea mdomo wa bastola usoni bila kujua. Namwambia simama hapo hapo, angalia mkono wako uko wapi, na nimeona watu wazima wanatetemeka.

Kwa hiyo akishaanguka na hana uwezo tena, jisogeze nyuma ya kitu, tazama pande zote kama ana mwenzake, na ukiona pako salama rudisha bastola kiunoni haraka. Bunduki yake usiiokote, kama unaogopa ataifikia wewe simama ulipojikinga umuangalie. Polisi wakiingia kabla hujairudisha, iachie ianguke chini, USIGEUKE nayo, vidole wazi, mikono juu, na fanya wanachosema hata kama wanakutukana na kukulaza chini na pingu juu. Masikio yatakuwa yanavuma, unaweza usisikie amri ya kwanza, ndo maana nasema mikono iwe mitupu kabla hawajafika.

SWALI: Kaka, nikimpiga mshambuliaji kweli sheria itanilinda?

JIBU: Nchi nyingi sheria inakuruhusu kumtetea mwenzako aliye kwenye hatari ya kuuawa, lakini kipimo ni hatari ya wakati ule ule. Akitupa silaha au akikimbia bila kutishia mtu, ukampiga mgongoni, hapo umeanza kesi nyingine. Na risasi yako ikimpata mpita njia ni yako. Muone wakili wa kwenu sasa hivi wakati umetulia.

SWALI: Shikamoo kaka. Mume wangu ndo anabeba, mimi silaha siigusi. Tukikutwa na hayo tuko na watoto mimi nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada, umeuliza swali ambalo wanaume wengi wenye bastola hawajawahi kukaa na wake zao kuliongea. Liongeeni leo jioni. Msipatane kwa neno la siri gumu, neno moja tu likitoka wewe unachukua watoto unaondoka, humvuti mkono, husimami mbele yake, hurudi nyuma kumuita jina. Ukiwa salama wewe ndo unapiga simu polisi, na hii ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu polisi wanakuja wakiwa wameambiwa "kuna mtu ana bunduki" basi. Waambie mume wangu yuko ndani, kavaa shati la bluu na suruali nyeusi, ni mrefu, ana bastola, yeye sio mshambuliaji. Rudia nguo mara mbili.

Na jifunze kuzuia damu, hii haihitaji leseni. Jeraha la mkono au mguu linalorusha damu, kandamiza kitambaa kwa nguvu zako zote usiwe unachungulia kila saa, na kama unao ule mkanda maalumu wa kubana damu ufunge juu kidogo ya jeraha, upande unaoelekea kiwiliwili, sio juu ya jeraha lenyewe, wala usiwe kwenye goti au kiwiko, kaza mpaka damu isimame hata kama analia kwa maumivu, afu andika saa uliyoufunga, hata kwenye ngozi yake kwa kalamu, maana daktari atakuuliza.