Ukumbi ulibaki na kufuli, watu wakakutana kwenye mapipa

Kamati yetu ya wakazi ilipoitwa kuchangia mawazo kwenye mchoro wa mtaa mpya, nilipigania kitu kimoja hadi sauti ikanikauka: ukumbi. Nilidhani majirani wakipata pa kukutania, watakutana. Ukajengwa, tena mzuri. Baada ya mwaka kufuli lake lilikuwa limeshika kutu, na watu wote walikuwa wanapigia soga kwenye ukuta mfupi wa kimo cha goti, kando ya mapipa ya taka.

Nilikasirika, sitaficha. Kisha nikaanza kukaa pale jioni na kutazama.

Ukumbini mtu huenda kwa mwaliko au shughuli. Kwenye mapipa kila nyumba lazima ifike, na hakuna anayevaa vizuri kwa ajili ya kwenda. Unamkuta jirani, mnasalimiana, kesho tena, na siku ya kumi unajua mwanawe anaumwa. Singapore wana mpangilio unaofanana na huo: majengo mengi ya nyumba za umma huachwa wazi chini, bila nyumba, hivyo anayeelekea kwenye lifti hupita mbele ya waliokaa.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo kamati nzima hatukuliona. Mlango mkuu tuliuwekea ngazi, kwa sababu zilipendeza kwenye mchoro. Nyuma, mhandisi alisawazisha njia ili mapipa yenye magurudumu yapite bila kukwama. Jirani yetu anayetumia kiti cha magurudumu akawa anapita huko huko. Siku moja nilimuuliza anaonaje mtaa, akacheka: “Mimi huingia na mapipa.” Wenye vigari vya watoto walikuwa wanapita hapo, na wazee wa magoti mabovu pia. Ule ukuta ulikuwa mahali pekee ambapo kila mtu aliweza kufika.

Kwa hiyo ukikaa na wapangaji, usianze na majengo. Uliza njia. Kipimo kinachotumika sana kwa viti vya magurudumu ni mteremko wa 1 kwa 12: kizingiti cha kimo cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 180. Kwenye karatasi nafasi hiyo ni ndogo. Jengo likishasimama utaitafuta kwa nyundo. Na mteremko huo uwe mlango mkuu, watu wote waupite, usifichwe pembeni kama wa mizigo.

Magari nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Donald Appleyard alilinganisha mitaa ya San Francisco. Palipopita magari kama 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na wastani wa marafiki watatu mtaani kwake. Palipopita kama 16,000, hata mmoja hakutimia. Waholanzi walianzia Delft mitaa ambayo gari hutambaa kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, miti na viti vikiwa katikati ya njia, na mwaka 1976 wakaitungia sheria. Sisi tulipinda barabara moja tu, na watoto wakaiteka wiki hiyo hiyo.

Nyumba ndogo na kubwa zichanganywe kwenye njia moja. Hapa tuligombana sana, wengine wakitaka ndogo ziwekwe nyuma ya uzio na geti lake. Tulishinda kwa kura mbili, na bado kuna mtu hanisalimii.

Ukumbi tumeutoa kufuli na kuuvunja ukuta mmoja unaotazama njia. Ule ukuta mfupi umeongezewa taa na kivuli, na mapipa yamesogezwa hatua chache, maana harufu ilikuwa harufu. Siku hizi mchoro wowote ukiletwa mezani, nasubiri wamalize kusifu lango, halafu naomba nionyeshwe taka zitapita wapi.