Siga kupasuka kiangazi, na nusu iliyozimika

Ndugu, umeuliza kwa nini siga zako (zile nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa, si sigara za karatasi) hapo Tabora zinapasuka jani la nje tangu Julai, na kwa nini nusu iliyozimika ukiiwasha tena inakuwa chungu.

Hewa ya kiangazi ni kavu mno. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Boksi la mbao, hata liwe zuri vipi, halifai kama kifuniko hakibani. Bora kontena la plastiki la chakula lenye mpira, pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 65 na kipimo kidogo cha unyevu. Pamba iliyoloa huleta ukungu. Zilizokauka zirudishie unyevu polepole, wiki kadhaa, maana ndani kukivimba haraka jani la nje hupasuka. Joto likizidi nyuzi 25, mayai ya mdudu wa tumbaku huweza kuanguliwa. Ukiona vitundu vya mviringo, funga zote kwenye mfuko, gandisha kwenye friza siku tatu, kisha friji siku moja.

Kuwasha tena: ndani ya saa mbili, si kesho. Kung'uta jivu lote, pasha ncha moto bila kuvuta, halafu puliza kwa nje taratibu ili moshi uliolala utoke. Ndipo uvute. Tumia kiberiti cha gesi. Cha petroli huacha harufu. Bado chungu? Kata sentimita moja ya ncha iliyoungua.

Na tumbaku ya mvuke ya Urambo usiisokote siga. Imekaushwa kwa moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kwa ajili ya sigara. Itakuchoma ulimi bure.