Betri ya Kamera Haihesabu Siku: Ushauri kwa Wanaoanza

Karibu kila mtu anayefunga kamera ya usalama ya betri kwa mara ya kwanza huniuliza swali lilelile: mbona kwenye boksi wameandika miezi sita, na yangu imezima baada ya wiki mbili? Jibu ni kwamba betri ya kamera hizi haihesabu siku, inahesabu mara ambazo kamera imeamshwa. Muda mwingi kamera huwa imelala, na kinachobaki macho ni sensa ndogo inayohisi joto linalosogea, ambayo hutumia umeme kidogo sana. Sensa hiyo ikishtuka, lenzi, prosesa na redio ya Wi-Fi huamka kwa pamoja, na hapo ndipo chaji inapoliwa. Miezi sita ya kwenye boksi imepigiwa hesabu ya nyumba yenye matukio machache kwa siku, tena mafupi.

Kwa hiyo, kabla hujagusa mpangilio wowote, na hasa kabla hujanunua betri nyingine, fungua orodha ya matukio kwenye programu ya simu uhesabu ya siku moja nzima. Mimi nilichelewa kulijua hili. Kamera yangu ya kwanza niliifunga juu ya mlango, ikitazama geti la nondo na barabara iliyo nyuma yake, na kila baada ya siku tisa nilikuwa juu ya ngazi nikishusha betri. Nilidhani ni mbovu, nikanunua nyingine, nayo ikadumu siku tisa. Nilipokuja kukaa chini na kuzipitia klipu za siku moja nilikuta 130, na watu walioingia uani hawakufika kumi. Zilizobaki zilikuwa magari yanayopita. Kila klipu ilikuwa ya sekunde 30, maana yake kamera ilikesha zaidi ya saa nzima kwa siku ikiwarekodi watu wasio na habari na nyumba yangu. Nililegeza skrubu, nikaiinamisha hadi ukingo wa juu wa picha ukaishia chini ya geti, kisha nikapunguza urefu wa klipu hadi sekunde 15. Matukio yalishuka hadi 12 hivi kwa siku, yaani dakika tatu, na betri ileile niliyoilaumu ikapitisha miezi mitatu.

Kuna sababu ya barabara kula chaji kiasi hicho. Sensa ya joto hukiona vizuri zaidi kitu kinachokatiza mbele yake kuliko kinachoijia moja kwa moja, na gari linalopita hukatiza tena likiwa na injini ya moto. Mgeni anayekuja mlangoni moja kwa moja huweza kuchelewa kuonekana. Ifunge kamera kwenye kimo cha mita mbili hadi tatu, iinamishe kidogo, na ichagulie upande ambao anayeingia atapita mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia au kinyume chake, huku barabara ikiwa nje ya picha. Epuka pia kuielekeza kwenye kiyoyozi kinachotoa hewa ya moto, au kwenye matawi yanayochezacheza juani.

Wengi hudhani wametatua jambo hili kwa kuchora eneo la kufuatilia kwenye simu, na hapa pana mtego. Katika kamera nyingine eneo hilo huiongoza sensa yenyewe, lakini katika nyingine huchuja taarifa tu baada ya kamera kuamka, kwa hiyo simu inanyamaza na chaji inaendelea kuliwa. Kama kamera yako ina taa inayowaka inapoamka, tembea nje ya eneo ulilochora huku mwenzako akiitazama. Ikiwaka, dawa ni kuigeuza kamera yenyewe.

Baada ya hapo, chunguza Wi-Fi. Mawimbi yakiwa hafifu, kamera hutuma video ileile polepole na kwa kurudiarudia, na muda wote huo haiwezi kulala. Programu nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: hasi 50 ni nzuri, na ikishuka chini ya hasi 70, kama vile hasi 80, tarajia betri kuisha mapema. Ukuta wa zege wenye nondo na mlango wa chuma ndivyo vizuizi vikubwa, kwa hiyo pima ukiwa umesimama pale pale kamera itakapokaa, milango ikiwa imefungwa. Ukiweza kuchagua, tumia Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4, kwa kuwa hupenya kuta vizuri kuliko 5. Mara nyingi kuisogeza ruta mita mbili kutoka nyuma ya kabati kumenisaidia kuliko kifaa chochote cha kuongeza nguvu.

Ipo pia tabia ya watu, ambayo hakuna mpangilio unaoizuia. Kutazama picha moja kwa moja huiweka kamera macho kwa muda wote wa kutazama, na nyumba yenye simu nne zilizounganishwa ina walinzi wanne wanaochungulia kila wanapokumbuka. Elewaneni nyumbani mapema. Usiku, taa za infraredi za kamera, yaani zile za kuisaidia kuona gizani, nazo hutumia chaji. Taa ya kawaida ya ukutani ikitosha, zizime zile za kamera.

Kuhusu betri yenyewe, zile za lithiamu-ayoni hazipendi kufikishwa sifuri, basi ichaji ikifika asilimia 20 hivi. Baridi huipunguzia nguvu kwa muda tu, lakini kuichaji ikiwa chini ya nyuzi joto 0 huweza kuiharibu kwa kudumu, hivyo iache kwanza ndani ipate joto. Jua kali huizeesha kimyakimya, na ndiyo maana kamera ikae chini ya ukingo wa paa. Kamera za betri ndogo za kubadilisha zipe aina iliyotajwa kwenye maelekezo, na usichanganye kuukuu na mpya.

Paneli ya sola nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu wengi huikimbilia kwanza. Paneli hizi ndogo hurudisha matumizi ya wastani tu. Haziwezi kushindana na klipu 130 kwa siku. Chagua yenye waya ili paneli ikae juani na kamera kivulini, na uifute vumbi, kwani hata kivuli cha tawi moja hupunguza sana umeme wake.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, andika asilimia ya betri asubuhi, kisha subiri siku tatu kabla ya kugusa lingine. Na kila ukipunguza wepesi wa sensa kushtuka, pita wewe mwenyewe mbele ya kamera, mchana na usiku, uone kama bado inakukamata.